Siku Sauti ya Tano Iliposhuka

Mashine yetu ya kuchuna mkonge ilikuwa inaimba do. Sitii chumvi. Injini ya dizeli ikishapata moto na ile ngoma ya visu ikikolea mbio zake, ilitoa mlio mmoja mrefu usiopanda wala kushuka, na mtu yeyote aliyefundishwa noti za kanisani angekuambia bila kufikiri kwamba hiyo ni do. Tulikuwa watu kumi na watano katika kikundi, kwenye shamba lililo chini ya barabara ya kwenda Tawa, na kumi na mmoja kati yetu tulikuwa kwaya ya kanisa moja. Basi tukaipa mashine jina. Kwaya ina sauti nne, hiyo tukaiita sauti ya tano.

Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kikundi na pia mwalimu wa kwaya. Jumapili nilisimama mbele yao nikiwa na tai, Jumatatu nikasimama mbele ya watu wale wale nikiwa na gambuti. Niliona ni baraka. Siku hizi nikikumbuka nasikia aibu mpaka kwenye masikio, lakini wakati huo nani angeniambia?

Aliyelisha mashine alikuwa mama mmoja wa sauti ya pili. Kulisha ni kushika jani la mkonge, kulisukuma kwenye ngoma mpaka nusu, visu vikwangue nyama yote, halafu kulivuta nje likiwa limebaki nyuzi nyeupe, ukaligeuza umalizie upande uliobaki. Kazi hiyo haitaki mtu wa haraka wala mtu wa mawazo mengi. Yeye aliifanya miaka minne bila hata kuchubuka kidole. Macho hayakutoka kwenye jani. Ukimsalimia akiwa pale, alikujibu bila kukutazama, na hakuna aliyemwona ana maringo.

Ndiye pia alikuwa anatuanzishia nyimbo. Alikuwa na sikio ambalo sijapata kulikuta kwa mtu mwingine, na nimehukumu mashindano ya kwaya kutoka Kitui mpaka Kibwezi. Aliinamisha kichwa upande kidogo, akasikiliza mashine, kisha akatoa mstari wa kwanza, na sisi tukaingia. Wimbo ulikaa juu ya ule mlio kama sufuria kwenye mafiga. Waliokuwa wanaanika nyuzi walianika kwa mwendo wake, waliofunga mafungu walifunga kwa mwendo wake. Hakuna aliyepanga hivyo. Ilitokea tu, na kazi ilikuwa nyepesi, na jua la kwetu mnalijua.

Halafu tukaitwa semina.

Shirika lililotupa mashine liliita watu wawili kutoka kila kikundi, Sultan Hamud, kwenye ukumbi wa hoteli moja karibu na reli. Nikaenda mimi, na yule mama akaenda kwa sababu alikuwa katibu wetu mwenye mwandiko wa kupendeza. Siku hiyo somo lilikuwa uongozi wa biashara na yale ambayo biashara inaweza kujifunza kutoka kwa muziki. Mwezeshaji, bwana mmoja wa suti kutoka Nairobi, alizima taa akatuonyesha okestra ukutani. Watu karibu mia wamevaa nguo nyeusi, kila mmoja na ala yake, wamekaa kwa adabu ambayo sijawahi kuiona hata kwenye matanga. Na mbele yao mtu mmoja, amesimama, ana kijiti tu.

"Angalieni," mwezeshaji akasema. "Kondakta hapigi ala yoyote. Lakini wote wanamtazama yeye."

Niliandika maneno hayo na kuyapigia mstari mara mbili. Kichwa kilinivimba pale pale. Vikundi vingine vilikuwa na wenyeviti wafuga nyuki na wauza ndengu, mimi ndiye kondakta hasa, tena wa miaka. Mwezeshaji aliendelea kusema, lakini harufu ya chai ilikuwa imeingia, na mimi najua mandazi ya semina huisha mapema, kwa hiyo nikatoka nikashika foleni. Yule mama alibaki kwenye kiti chake akiandika.

Niliporudi nyumbani nilibadilisha kila kitu. Nilitafuta ubao nikaupaka rangi nyeupe, nikaandika kwa herufi kubwa MACHO KWA MWALIMU, nikaupigilia kwenye nguzo ya kibanda cha mashine. Hakuna kuanza wimbo mpaka niinue mikono. Hakuna kuacha mpaka niishushe. Hakuna kuongea katikati. Kanisani vile vile. Na siwezi kudanganya, mambo yalionekana mazuri. Watu wa shirika walikuja wakatupiga video. Walisema sisi ni mfano wa kuigwa kutoka Makueni mpaka ng'ambo ya Athi kule Kitui. Nilijiona kidume.

Kulikuwa na mzee wa sauti ya nne. Ndiye aliyenifundisha noti nilipokuwa bado navaa kaptura, akinichorea ngazi ya do, re, mi kwa mkaa kwenye ukuta wa kanisa. Jioni moja kwenye mazoezi aliinua mkono.

"Mwalimu, wimbo umewekwa juu sana. Sisi wa chini tunaweza, lakini hawa wa sauti ya kwanza wanakwaruza koo."

Alisema kweli. Nilikuwa nimesikia mwenyewe. Lakini alisema mbele ya watu wote, na nilikuwa na ule ubao kichwani.

"Mzee, kondakta ni mmoja," nikamwambia. "Nenda ukae nje kwenye benchi mpaka ujue kutazama."

Alitoka. Alikaa nje kofia ikiwa juu ya magoti, mazoezi yote, na alipoitwa kuomba dua ya kufunga aliingia akaomba, akaniombea na mimi. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno juu ya wimbo wala juu ya kazi. Nilifikiri hiyo ni nidhamu. Nilifurahi, kusema kweli. Nilimsimulia mke wangu kwa majivuno kwamba sasa watu wananyooka, naye akanitazama akaendelea kuchambua maharagwe.

Sasa nije kwenye siku yenyewe, maana nikizidi kuzunguka nitaiacha.

Ilikuwa asubuhi kama saa nne. Jua lilikuwa limeshaanza kuuma. Mashine ilikuwa inaendelea tangu saa mbili na majani yalikuwa yamerundikana, kwa sababu lori la kuchukua nyuzi lilitarajiwa kutoka Salama mchana huo. Niliinua mikono. Yule mama akainamisha kichwa, akasikiliza, akatoa mstari wa kwanza. Ulikuwa chini. Si chini sana, nusu sauti tu, lakini nilisikia.

Nikashusha mikono. "Mama, umeshuka."

"Nimechukua kwa mashine, mwalimu," akasema.

Wacha nirudie, kwa sababu maneno hayo manne ndiyo nimeishi nayo. Hakusema nimekosea. Hakusema samahani. Alisema nimechukua kwa mashine, mwalimu. Sauti ya tano ilikuwa imeshuka. Ngoma ya chuma iliyokuwa inaimba do miaka minne ilikuwa imeteremka, na mtu mwenye sikio kuliko wote alikuwa ananiambia hivyo kwa heshima, jani likiwa mkononi. Mtu wa mitambo asingeelewa. Mwalimu wa kwaya alipaswa kuelewa.

"Sauti natoa mimi, si mashine," nikasema. "Na uache kuangalia chini. Ubao unasemaje? Nitazame."

Nikawapa do ya kweli kutoka kooni mwangu. Nikainua mikono. Akaniangalia. Wote wakaniangalia. Wakaingia pale juu nilipotaka.

Kama hujawahi kusikia watu wakiimba nusu sauti juu ya kitu kingine kinacholia, shukuru. Kunauma meno. Wimbo ulikuwa unakwenda huku na mashine kule, na niliona kwenye nyuso zao kwamba wote wanasikia, mzee wa sauti ya nne hata alifumba macho. Hakuna aliyenyanyua mkono. Benchi walikuwa wanalijua. Niliona pia majani yanatoka na kijani bado, yamekwanguliwa nusu nusu, kwa sababu ngoma ilikuwa imechoka, na yule mama analazimika kuyasukuma mara ya pili. Niliona. Nilijiambia tumalize ubeti.

Ubeti wa pili sauti ya pili ikakatika.

Nyuzi mbichi zilikuwa zimemzunguka vidole, na ngoma iliyokuwa inasuasua ikashika tena kwa ghafla ikavuta. Sitaeleza zaidi. Nitasema tu kwamba hata alipokuwa anavutwa macho yake yalikuwa kwangu, na mikono yangu ilikuwa juu, na watu walichelewa kukimbia kwa sababu mwalimu alikuwa hajashusha. Sekunde mbili, tatu. Mzee wa sauti ya nne ndiye aliyetoka kwenye mstari akaruka akaing'oa belti. Mwanamke mmoja akaanza kulia wuui, wuui, na hapo ndipo nilipojua mikono yangu bado iko hewani.

Hospitalini walimkata mkono wa kulia chini kidogo ya kiwiko.

Fundi alikuja siku ya tatu kuifungua mashine. Akatoa beringi ya upande wa ndani akaiweka kwenye kiganja, imelika mpaka imekuwa ya buluu kwa moto. "Hii haikufa siku moja," akasema. "Imekuwa ikiizuia ngoma, na lazima mlio ulibadilika. Hamkusikia?"

Tulikuwa kumi na wanne pale. Kila mmoja akatazama chini. Nilikohoa nikasema mashine ina kelele, mtu hawezi kusikia. Mbele ya kwaya yangu mwenyewe nilisema mtu hawezi kusikia.

Shirika lilitaka ripoti. Katibu alikuwa kitandani, hivyo nikaenda kuchukua daftari la kikundi kwake. Mama mkwe wake alinipa bila kunikaribisha kiti. Nililifungua kwangu mezani mchana, na ukurasa wa mwisho ulioandikwa ulikuwa wa semina ya Sultan Hamud. Mwandiko ule wa kupendeza, wa mkono ule. Maneno yale niliyoyapigia mstari mara mbili yalikuwepo hata kwake, kwamba kondakta hapigi ala na wote wanamtazama. Chini yake kulikuwa na yale yaliyosemwa nilipokuwa kwenye foleni ya mandazi. Aliandika hivi: kwa hiyo yeye ndiye lazima asikie kuliko wote, maana waliobaki wanasikia ala zao tu. Na chini zaidi, kwa ajili yake mwenyewe nadhani, aliandika: hii nimkumbushe mwenyekiti.

Niligeuza ukurasa. Nikaandika ripoti nyuma yake, kwenye karatasi ile ile, na wino wangu ukapenya. Niliandika kwamba hakukuwa na dalili yoyote ya hitilafu kabla ya ajali. Huo ni uongo mtupu. Halafu nikaandika kwamba mlishaji alikuwa akiimba na hakuwa akiangalia kazi yake. Hilo lilikuwa kweli, kila neno. Nilijivunia hata ujanja wa kulipata. Sikuandika alikuwa akiangalia nini.

Basi nakala ikaenda kwa shirika, na ripoti ikafanya kazi yake. Shirika likaweka beringi mpya na likapiga marufuku kuimba mahali pa kazi. Maneno yakashuka mpaka sokoni. Yule mama alikuwa anaimba imba, ndio maana. Mume wake akamwambia wimbo ndio uliokula mkono, na hataki kuona mtu wa nyumba yake kwenye kwaya tena. Kumbuka huyu ni mtu ambaye hakuwa na kitu kingine anachojulikana nacho. Alikuwa na mkono ule na lile sikio, na jina la mtu makini. Mashine ilichukua kimoja, mimi nikamalizia viwili.

Miaka mitatu imepita hivyo. Mashine iliimba do yake safi na hakuna aliyeimba juu yake, watu wakafanya kazi kimya kama wanachimba kaburi. Kwaya nayo ilikuwa inanitazama tu. Waliingia nilipoinua, wakaacha niliposhusha, hakuna kosa hata moja, na hakuna kilichokuwa ndani. Wageni walitusifu. Mimi ningependa mtu mmoja tu aimbe vibaya kwa kusudi.

Yule mama nilikuwa nikikutana naye Tawa siku za soko. Alikuwa amejifunza kubeba kikapu kwa kushoto na kupokea chenji kwa kushoto, na kila mara anayemhudumia alimpa sekunde ile ya kushangaa kabla ya kukumbuka. Alinisalimia. "Hujambo, mwalimu." Kama angenitemea mate ningelala vizuri zaidi. Aliniita mwalimu, akaulizia watoto, akaenda. Ni mtu mwenye adabu, na adabu yake ilinichapa vibaya sana.

Mwaka huu yule mwezeshaji alinipigia simu. Alikuwa ameona ile video ya zamani. Alitaka nije kwenye semina nyingine niwaambie wafanyabiashara siri ya mafanikio: namna kwaya ilivyonifundisha kuongoza watu. Nikamwambia nitafikiri. Nilikaa na karatasi siku tatu nikijaribu kuandika pointi. Kila nilichoandika kilirudi kwenye maneno yale manne. Mwishowe nikamjibu kwamba sina la kuwaambia watu wa biashara kabla sijasema na watu wa kwetu, na nikakata simu kabla hajauliza.

Jumapili iliyofuata nilibeba lile daftari kanisani. Wakati wa shuhuda nilisimama. Yule mama alikuwa amekaa benchi la nyuma na mume wake, leso imefunika mkono ule. Nilisema nina maneno kuhusu ajali ya mashine. Nilisema tulijua, nilijua. Sauti ilikuwa inanitetemeka, mimi ambaye nimewakemea watu kwa kutetemeka. Nikasoma ripoti yangu yote kama ilivyo, mpaka pale penye mlishaji alikuwa akiimba na hakuwa akiangalia kazi yake. Hapo nikakwama. Nilitaka kurukia kwenye kuomba msamaha. Msamaha ndio uliokuwa rahisi.

Akasimama kule nyuma. Mume wake alimshika nguo, yeye hakukaa.

"Mwalimu," akasema, kwa sauti ile ile ya kawaida. "Waambie nilikuwa naangalia nini."

Kuku mmoja alikuwa anapiga kelele nje.

"Mkono wangu," nikasema. "Aliniambia mashine imeshuka. Nikamwambia atazame mkono wangu."

Hakusema amenisamehe, na hajasema mpaka leo. Mume wake aliachia nguo yake akainama, akaweka uso kwenye viganja. Mchungaji, maskini, hakujua la kufanya, akasema tuimbe. Kwaya ikasimama. Mazoea ni kitu kibaya, mikono yangu ikaanza kupanda yenyewe, na macho yote yakaja kwangu. Nikaiona inapanda. Nikaishusha, nikaiweka nyuma ya mgongo, nikaishikilia moja kwa nyingine.

Hakuna aliyeanza. Halafu kutoka nyuma, yeye bado amesimama, akainamisha kichwa upande kidogo kama mtu anayesikiliza kitu, na akatoa mstari wa kwanza.

Ulikuwa chini nusu sauti. Niliujua mara moja, na mzee wa sauti ya nne aliujua, nikamwona akifumba macho. Ilikuwa ile sauti ya asubuhi ile, pale pale mashine ilipokuwa imefika, ameishika miaka mitatu bila kuipoteza. Mzee akaingia, kisha waliobaki mmoja mmoja, na mimi nikaingia wa mwisho. Tuliuimba wote chini vile vile alipouweka, na sikuuinua.